Januari 2028 haisubiri: barua ya wazi kwa mawaziri wa Elimu na TAMISEMI

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Waziri Mkuu – Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),
Dodoma.

YAH: MAANDALIZI YA KUPOKEA MADARASA MAWILI KIDATO CHA KWANZA KWA MWAKA MMOJA

Waheshimiwa Mawaziri,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Tunawaandikia hadharani kwa sababu njia ya ndani tumeshaipita na haikutufikisha popote. Hoja zilizomo humu zimesemwa kwenye vikao vya kamati za shule, kwenye bodi za sekondari, kwenye kamati za maendeleo za kata na mezani kwa maofisa elimu. Jibu halibadiliki: suala liko ngazi ya juu. Ngazi ya juu ni ninyi wawili, na kwa kuwa ni wawili, barua hii tumeiandika moja ili kila mmoja aone tulichomwambia mwenzake.

Jambo lenyewe mnalijua. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza Januari 2024, waliokuwa darasa la tatu waliingizwa kwenye mfumo mpya wa miaka sita ya elimu ya msingi. Waliokuwa darasa la nne wakabaki kwenye mfumo wa zamani wa miaka saba. Wa kwanza watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Wa pili watamaliza darasa la saba mwaka 2027. Januari 2028 wote wanabisha hodi kidato cha kwanza siku moja.

Hatupingi sera. Miaka kumi ya elimu ya lazima, sita ya msingi na minne ya sekondari, ni jambo jema, na mtoto wa mkulima ndiye atakayefaidika kuliko wote. Tunacholalamikia ni namna maandalizi yanavyopimwa. Taarifa tunazozisikia zinataja idadi ya vyumba na mabilioni yaliyopelekwa. Hatusikii mtoto mmoja, akiingia getini siku ile, atakaa wapi, atafundishwa na nani, kwa lugha gani na atajisaidia wapi. Hayo ndiyo tunayotaka yajibiwe.

1. Hesabu ya vyumba imefanywa nusu

Chukueni shule ya kata ya kawaida inayopokea wanafunzi 160 wa kidato cha kwanza kila mwaka. Kwa uwiano wa wanafunzi 40 kwa chumba, hiyo ni mikondo minne kwa kila kidato, mikondo 16 kwa shule nzima. Januari 2028 ikipokea 320, kidato cha kwanza kinakuwa na mikondo minane na shule inakuwa na mikondo 20. Hapo watu husema: basi, vyumba vinne, tumemaliza.

Hawajamaliza. Kundi hilo halipiti kwa mwaka mmoja. Litakuwa kidato cha pili mwaka 2029, cha tatu 2030, cha nne 2031. Kwa miaka minne mfululizo shule itabeba mikondo 20, kisha itarudi 16. Kwa hiyo vyumba vinne vinavyojengwa leo vitakuwa wazi kuanzia 2032. Mtu anayefikiria mwanafunzi angejenga viwili kati ya hivyo vinne kwa ukubwa wa maabara, akaacha nafasi ya mabomba ya maji na njia ya umeme ndani ya kuta tangu msingi unapochimbwa, ili kundi hilo likiondoka shule ibaki na maabara kamili. Kuja kubomoa ukuta mwaka 2032 kupitisha bomba ni kulipa mara mbili. Hatujaona mchoro hata mmoja wenye wazo hilo.

Na zipo hesabu nyingine zinazosahaulika. Wanafunzi 160 wa ziada ni viti 160 na meza 160. Mwanzoni mwa 2032 watakuja pia kutafuta nafasi za kidato cha tano, vyuo vya ufundi na vyuo vya kati, na bweni halijengwi kwa miezi mitatu.

2. Zege la Novemba

Hili tunaliandika kwa kirefu kwa sababu ndiko fedha nyingi zinakopotea bila mwizi kuonekana.

Mwaka 2021, kupitia fedha za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 kwa bei ya shilingi milioni 20 kila moja. Mwishoni mwa 2022 yakafuata 8,000 ya sekondari kwa shilingi bilioni 160, bei ileile. Ilikuwa kazi kubwa na watoto wengi walikaa darasani Januari kwa sababu yake. Lakini mtindo ulikuwa mmoja: fedha zinashuka kwenye akaunti ya shule Oktoba, agizo linakuja kwamba jengo likabidhiwe katikati ya Desemba, na bei ni ileile Dar es Salaam na kule ambako lori la saruji linasafiri siku mbili.

Fundi yeyote atawaambia kinachofuata. Shule zote za wilaya zinanunua saruji, nondo na bati wiki moja, bei inapanda. Zege linahitaji kumwagiliwa maji angalau siku saba na kufikia nguvu yake baada ya takriban siku 28. Kwa ratiba ile lenta, yaani boriti ya zege juu ya milango na madirisha, inapakiwa tofali kabla mbao za fomu hazijatolewa vizuri. Kenchi zinapigwa kwa mbao mbichi ambazo hazijatiwa dawa, zinapinda zikikauka na mchwa wanaingia. Sakafu inamwagwa juu ya kifusi ambacho hakijashindiliwa, na saruji inapunguzwa kwa sababu fedha imeisha kwenye bati. Ndani ya mwaka wa kwanza sakafu inachimbika mashimo, meza hazisimami. Mfereji wa bati hauwekwi, maji ya mvua yanakula msingi, na shule yenye paa jipya la mita nyingi za mraba inabaki bila tone la maji tangini kwa sababu tangi lenyewe halimo kwenye makadirio.

Mkuu wa shule, ambaye amesomea kufundisha Jiografia, ndiye anayesaini hati za mapokezi, anayesimamia mafundi na anayeitwa kujieleza mkaguzi akija. Mhandisi wa halmashauri ni mmoja, maeneo ya ujenzi ni mengi, gari halina mafuta.

Sasa tazameni kalenda. Kabla ya Januari 2028 zimebaki bajeti mbili: ya 2026/27 na ya 2027/28. Fedha za 2027/28 zinaanza Julai 2027, na kwa uzoefu zinafika shuleni Septemba au Oktoba. Hilo ni zege la Novemba kwa mara nyingine. Kwa hiyo bajeti ya kujengea ni ya 2026/27, na ile ya pili ibaki ya samani, vitabu na vifaa vya maabara. Wenzetu wa Kenya walipitia hali inayofanana: darasa la nane na gredi ya sita walimaliza pamoja mwishoni mwa 2022, na uamuzi wa kuweka sekondari ya chini ndani ya shule za msingi ulitoka Desemba ya mwaka huohuo, wiki chache kabla ya watoto kuripoti. Waliingia kwenye shule zisizo na maabara, walimu wakatafutwa watoto wakiwa wameshakaa. Hakuna sababu ya sisi kurudia somo ambalo jirani amelipia.

3. Walimu: nambari isiyosemwa

Turudi kwenye shule yetu ya mfano. Tuseme Hisabati ina vipindi vitano kwa wiki kwa kila mkondo. Mikondo 16 ni vipindi 80. Mwalimu mmoja akibeba vipindi 28, wanahitajika watatu. Mikondo 20 ni vipindi 100, wanahitajika wanne. Shule nyingi za kata hazina hata hao watatu. Hisabati na Fizikia zinashikiliwa na mtu mmoja, naye ni wa kujitolea anayelipwa na wazazi. Kwa hiyo pengo la 2028 si mwalimu mmoja wa ziada, ni la zamani likijumlishwa na jipya.

Kuna akiba mbili ambazo hazigharimu ajira mpya. Kwanza, wapo walimu wa sekondari wa masomo ya sanaa waliohamishiwa shule za msingi miaka ya nyuma kwa sababu walizidi. Majina yao yako kwenye mifumo ya utumishi. Waulizwe nani yuko tayari kurudi, na warudishwe mapema ili wapate muda wa kuushika mtaala mpya. Pili, kuanzia Januari 2028 kila shule ya msingi inapungukiwa na darasa moja, kutoka saba hadi sita. Pale ambapo vyumba na walimu vitapumua kweli, ijulikane leo, shule kwa shule. Lakini tunatahadharisha: shule nyingi za msingi zina watoto zaidi ya 45 kwa chumba au zinasoma kwa zamu, na huko nafasi ya darasa la saba itamezwa siku hiyohiyo. Atakayechukua wastani wa mkoa na kusema walimu wanatosha atakuwa amewadanganya.

Na darasa la watoto 90 lina gharama nyingine. Mwalimu asiyeweza kuwafikia kwa sauti huwafikia kwa fimbo. Kanuni ziko wazi tangu marekebisho ya 2002: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Wathibiti ubora wakifika shuleni, waanze kwa kuomba kitabu hicho. Wengi watapewa kikiwa kitupu, na kila mtu anajua maana yake.

4. Mtoto wa miaka 12 na lugha mpya

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza na miaka sita ataingia sekondari na miaka 12. Amesoma Hisabati na Sayansi kwa Kiswahili kwa miaka sita. Jumatatu moja ya Januari anaambiwa Biolojia ni kwa Kiingereza. Mwenzake wa darasa la saba, aliyekaa dawati la pembeni, amesoma mwaka mmoja zaidi na kwa mtaala tofauti. Kwa kuwa miaka kumi ni ya lazima, wa darasa la sita hachujwi. Hata ambaye bado anasoma kwa kuunga silabi anaingia naye.

Sera imeamua Kiingereza kibaki lugha ya kufundishia sekondari. Tuna maoni yetu juu ya hilo, ila hapa si mahali pake. Hata ndani ya sera hiyo yapo mambo ya kufanya sasa, maana watoto wenyewe tunawajua: mwaka 2026 kundi moja liko darasa la tano na jingine la sita.

La kwanza, wapimwe KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) mmoja mmoja. Haihitaji karatasi ya Baraza la Mitihani (NECTA). Mwalimu akae na mtoto dakika tano, ampe aya fupi ya Kiswahili asome na kueleza alichosoma, aya fupi ya Kiingereza, na hesabu nne za matendo ya msingi. Matokeo yaandikwe kwa ngazi: hasomi, anasoma neno, anasoma aya, anasoma na kuelewa. Kisha kwa saa moja kila siku watoto wapangwe kwa ngazi hizo, si kwa darasa. Kinachokwamisha zoezi hili shuleni ni kwamba saa hiyo huliwa na mazoezi ya mitihani, hasa kwa darasa la mtihani. Bila agizo lenu la wazi kuilinda kwenye ratiba, itaendelea kuliwa.

La pili, Taasisi ya Elimu iandae kijitabu cha istilahi za Hisabati na Sayansi, Kiswahili upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, kianze kutumika darasa la tano. Mtoto anayejua kasi, uzito na kizidishio kwa lugha zote mbili hatapoteza muhula mzima.

La tatu, muhula wa kwanza wa 2028 uruhusu rasmi mwalimu wa kidato cha kwanza kufafanua kwa Kiswahili, na majaribio ya shule yawe na maswali kwa lugha zote mbili. Walimu wanafanya hivyo tayari kwa kificho, wakichungulia mlangoni. Kozi ya mwanzo ya Kiingereza nayo ipewe muda wake kamili. Hukatwa kwa sababu nusu ya wanafunzi huripoti Februari na Machi wakisubiri sare na mahitaji, na mwalimu hawezi kuirudia kila anapofika mgeni.

5. Ruzuku isiyofika mwisho wa mwezi

Shule ya msingi inapangiwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shilingi 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinakwenda shuleni: shilingi 500 kwa mwezi. Shule ya watoto 400 inapata 200,000. Jaribio moja la masomo sita, kurasa mbili kila somo, kwa shilingi 50 ukurasa, linagharimu 240,000. Bado chaki, umeme, maji, kitasa kilichovunjika na nauli ya mwalimu mkuu kwenda kufunga hesabu za FFARS, mfumo wa kutoa taarifa za fedha za shule.

Kiwango hicho kina asili yake. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza mwaka 2002 kilikuwa takriban dola 10. Leo shilingi 10,000 hazifiki dola tano, na chaki hainunuliwi kwa bei ya 2002.

Sekondari ni 25,000 kwa mwaka, nusu ikiwa ya vitabu, pamoja na fidia ya ada ya kutwa ya 20,000. Shule yetu ya wanafunzi 640 inapata kama milioni 1.73 kwa mwezi. Jaribio moja la masomo tisa, kurasa nne kila somo, ni milioni 1.15. Theluthi mbili ya mwezi imekwenda kwenye fotokopi. Ndiyo maana fomu za kujiunga zinadai rimu, ndoo, fagio na jembe katika elimu inayoitwa bila malipo. Hatuwalaumu wakuu wa shule. Wao wanaziba tundu ambalo wengine wameliacha.

Na mwaka 2028 lipo jambo la pekee: ruzuku ikikokotolewa kwa idadi ya wanafunzi ya mwaka uliotangulia, shule yenye watoto 800 italipwa kama yenye 640 wakati inapohitaji zaidi.

6. Choo, maji, chakula, njia

Kwa kiwango cha tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, wanafunzi 160 wa ziada, nusu kwa nusu, ni matundu manne kwa kila upande. Yahesabiwe yanayofanya kazi tu. Choo cha msichana kisicho na komeo, maji na mahali pa kuchomea taulo zilizotumika hakihesabiki.

Chakula kibaki mchango wa wazazi kama mwongozo unavyosema, lakini mtoto ambaye mzazi hajachangia asikalishwe nje wenzake wakila. Kwa wanaotoka mbali, wasichana wa miaka 12 kupanga mageto mtaani si mpango wa malazi. Kila kata ieleze ni wanafunzi wangapi watatembea zaidi ya kilomita tano na watalala wapi.

7. Wizara mbili, shule moja

Mtaala, vitabu na uthibiti ubora viko Wizara ya Elimu. Walimu, majengo na fedha viko TAMISEMI. Mthibiti ubora anaandika kwamba shule haina mwalimu wa Fizikia, taarifa inakwenda kwa mkurugenzi ambaye hawajibiki kwake. Mwaka unaofuata anaandika tena sentensi ileile. Mzazi haioni kabisa. Taarifa hizo zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, na mkurugenzi ajibu kwa maandishi ndani ya siku 60 kila pengo litazibwa lini.

Majibu tunayoyategemea

Mtasema bajeti ni finyu. Ndiyo, na ndiyo sababu hatutaki chumba kijengwe mara mbili. Kupima KKK, kurudisha walimu waliozidi na kubandika taarifa ukutani hakuhitaji mkopo.

Mtasema maandalizi yanaendelea. Basi yachapishwe kata kwa kata, kila diwani na mzazi ayasome na kuyalinganisha na anachokiona.

Mtasema wananchi wachangie nguvu zao. Wamekuwa wakichangia mchanga, mawe na maboma tangu enzi za MMES, mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari. Maboma mengine bado yamesimama bila paa kwa sababu sehemu ya Serikali haikuja. Mkianzia kwa kupaua hayo, mtapata vyumba kwa bei ndogo kuliko kuchimba msingi mpya.

Tunachoomba

(a) Kabla ya mwisho wa 2026, kila halmashauri ichapishe jedwali la kila sekondari: wanafunzi wanaotarajiwa Januari 2028, vyumba, viti na meza, matundu ya choo, walimu kwa kila somo, na pengo la kila kimoja.

(b) Fedha zote za majengo ya 2028 zitoke kwenye bajeti ya 2026/27, bei ya chumba izingatie umbali wa kusafirisha vifaa, na makadirio yajumuishe choo, mfereji wa bati na tangi.

(c) Upimaji wa KKK kwa makundi yote mawili ufanyike mwaka 2026, na saa ya kusoma kwa ngazi ilindwe kwa waraka.

(d) Waraka wa lugha kwa muhula wa kwanza wa 2028 utolewe kabla ya Juni 2027, vitabu na kijitabu cha istilahi viwe shuleni, si kwenye stoo ya halmashauri, kabla ya shule kufungwa Desemba 2027.

(e) Ruzuku ipandishwe, na kwa Januari 2028 ikokotolewe kwa idadi ya waliosajiliwa, si ya mwaka uliopita.

(f) Wizara zenu mbili ziteue ofisa mmoja wa pamoja katika kila mkoa, jina na namba yake ya ofisi vijulikane, wa kupokea na kujibu hoja za shule kuhusu maandalizi haya.

Tunaomba majibu ya maandishi, hoja kwa hoja kwa namba zilezile tulizotumia, kabla bajeti za wizara zenu hazijasomwa bungeni.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Walimu, wazazi na wajumbe wa kamati na bodi za shule za umma

Nakala:
Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Elimu, Utamaduni na Michezo
Wakurugenzi wa Halmashauri zote